Shavu la Kushoto la Kanze

Asifiwe Bwana aliyenifikisha mbele yenu nikiwa bado na sauti ya kusema! Ndugu zangu, Mchungaji amenipa dakika kumi, na anavyoniangalia hapo alipokaa, ananijua. Nitajitahidi.

Mimi ni Sidi, mpiga picha. Wengi wenu nimewapiga kwenye harusi, na mama wa kwaya pale nyuma nimempiga mpaka amechoka kutabasamu. Kuna jambo mmekuwa mkininung'unikia, kwamba picha zangu ni nzuri lakini siondoi chunusi wala mikunjo, siwasafishi nyuso kama studio nyingine. Mnasema ni uvivu. Leo nimesimama niwaeleze kwa nini, na baada ya leo sitaki kuulizwa tena.

Mama yangu alikuwa kibarua wa chumvi hapa hapa Gongoni. Baba alishafariki. Alikuwa akitoka asubuhi kwenda kukwangua chumvi, anatuachia uji jikoni, na mimi ndiye nilikuwa mkubwa. Nilikuwa na miaka tisa. Mdogo wangu Kanze alikuwa na miaka mitano. Siku moja nikamwambia asogee asiguse mwiko, hakusogea, nikashikwa na hasira. Hasira zangu mnazijua, hazikuanza jana. Nikaivuta ile sufuria kwa nguvu ili nimnyime, ikapinduka, na uji ukamwagikia usoni mwa mdogo wangu, shavu la kushoto mpaka kwenye taya.

Mama alipokuja mbio kutoka kazini nikamwambia, "Ameivuta mwenyewe." Maneno mawili tu, ndugu zangu. Yamenikaa kifuani miaka ishirini na mbili.

Mama alimuuguza yule mtoto wiki nyingi. Alikuwa akimwosha kidonda kwa maji ya uvuguvugu kila jioni, mikono yake yenyewe imepasuka kwa chumvi, naye akimbembeleza kwa nyimbo za kwetu. Kidonda kikapona, alama ikabaki. Kanze akapewa jina la utundu, kila mgeni akija anaambiwa huyu ndiye mtundu aliyejimwagia uji. Naye anainamisha kichwa. Hakuwahi kunisema. Sijui kama alikuwa mdogo mno akasahau, au alikumbuka akaninyamazia. Sijui mpaka leo hii ninapozungumza nanyi.

Akakua hivyo, msichana mzuri, mchapakazi, lakini mwambie mkapige picha umkose. Picha ya darasa la nane wenzake wote wanaangalia mbele, yeye ameangalia pembeni na kiganja kiko shavuni. Alipohamia Mtwapa kufanya kazi saluni, akajaza simu yake picha za vichwa vya watu aliowasuka. Yeye mwenyewe hayumo hata katika moja.

Basi mimi nikaokoka, nikaingia kwaya, nikaimba. Nataka mnisikie vizuri hapo. Nilikuwa nimeokoka na uongo wangu ndani, kama mtu aliyehamia nyumba mpya na mzigo mmoja hajaufungua.

Ndipo yakatokea yale masomo ya upigaji picha kule Malindi, ya bure, kwa wanawake na vijana. Nikajiandikisha. Mwalimu wetu alikuwa Mwalimu Swaleh, mzee wa Malindi mjini, Mwislamu, mtu mpole, Kiswahili chake kimenyooka mpaka ukimjibu unajisikia umevaa nguo iliyochanika. Nikimwamkia shikamoo anasimamisha kazi kwanza aitikie. Tulikuwa wanafunzi wanne kwa kamera moja. Alitufundisha mwanga, alitufundisha kusubiri, alitufundisha kutumia kompyuta kwa adabu. Na kila somo alimaliza na jambo moja hilo hilo: "Picha ya asili haiguswi. Fanyeni nakala, mchezee nakala." Sisi tulikuwa tukimwigiza tukitoka nje, tunacheka.

Kisha tukapelekwa Kilifi, warsha ya siku mbili, kujifunza programu ya kuhariri picha. Mimi hapo nikazaliwa upya, na simaanishi kwa Roho. Kuna kifaa mle ndani, unachukua kipande cha ngozi safi, unakibandika juu ya ngozi yenye doa, na doa halipo tena. Halipo! Nilikaa mbele ya ile kompyuta nikasahau hata chakula. Wenzangu wakawa wananiletea nyuso, huyu ana kovu, huyu ana kipara, na mimi nasafisha. Wakaniita Daktari. Nikavimba kichwa.

Kazi yetu ya mwisho ilikuwa picha ya familia, itundikwe kwenye maonyesho. Nikampigia Kanze simu nikijua atakataa. Akasema, "Kama ni wewe unapiga, dada, nitakuja."

Akaja Jumamosi. Nikamkalisha Mama kwenye kiti nje ya nyumba, Kanze akasimama nyuma yake, mimi nikaiseti kamera kwenye stendi ijipige yenyewe, nikakimbia nikachuchumaa mbele ya magoti ya Mama. Niliporudi kuangalia nikakuta Kanze ameshusha leso yake mabegani. Uso wote uko mbele, shavu lake liko wazi juani, na anacheka. Ukiacha ya kitambulisho, kwa mara ya kwanza maishani mwake aliiangalia kamera, na aliiangalia kwa sababu mpigaji nilikuwa mimi.

Nikaichukua ile picha nikaenda nayo darasani, nikaikuza, nikaliona lile kovu limejaa kioo kizima. Nikajiambia namfanyia zawadi. Nikachukua ngozi ya shavu la kulia nikabandika kushoto, kidogo kidogo, asubuhi nzima, mpaka pakawa laini. Sikufanya nakala. Nilihifadhi juu ya ile ile ya asili. Na kwenye memori kadi nikaifuta, kwa sababu wenzangu walikuwa wanaingojea kamera, na, niseme ukweli wa Mungu, kwa sababu sikutaka kuliona tena. Sikuwa namsafisha Kanze. Nilikuwa najisafisha mimi.

Siku ya maonyesho Kanze alipanda gari kutoka Mtwapa, amevaa gauni la njano, amejisuka mwenyewe. Alikuja na mwenzake wa saluni ili amwonyeshe. Nikamwona anatafuta kwenye ukuta, anapita picha moja moja, mpaka akafika kwetu. Watu walikuwa wamejazana pale wanaisifu. Akasimama muda mrefu. Kisha akanigeukia na kuniuliza taratibu, wala hakuwa na hasira:

"Dada, na mimi nilikuwa wapi siku hiyo?"

Akafunga leso yake usoni akaondoka, hata soda hakunywa. Na mimi badala ya kumfuata, nikakasirika. Nikasema hana shukrani. Nikangoja anipigie yeye. Hakupiga, nami sikupiga, tukabaki hivyo miezi saba.

Mwezi wa nane alipiga jirani yake. Kanze ameshikwa na homa, amepelekwa hospitali. Nikasema nitakwenda Jumapili baada ya ibada, maana nilikuwa na zamu ya kuongoza nyimbo. Alifariki Ijumaa.

Mniwie radhi. Nipeni maji kidogo.

Mnajua desturi yetu, siku ya mazishi mtu wa karibu anashika picha ya marehemu mbele ya jeneza. Tukatafuta picha. Ya kitambulisho ilikuwa ndogo, ukiikuza inakuwa ukungu, hata kovu halionekani. Ile ya shuleni ameficha uso. Ikabaki moja tu, ile yangu. Nikaichapisha kubwa, nikaitia kwenye fremu, nikampelekea Mama alipokuwa amekaa mkekani na wafiwa. Akaishika. Akapitisha kidole shavuni, akakirudisha, akakipitisha tena. Kisha akailaza kifudifudi.

"Huyu simjui," akasema. "Mwanangu nilimwosha uso kwa mikono yangu."

Tukamzika Kanze bila picha. Mimi mpiga picha, mnayeniita kwenye harusi zenu zote, nilitembea mbele ya jeneza la mdogo wangu mikono mitupu. Wapo humu ndani walioniuliza siku ile picha iko wapi. Nikawajibu mashine imeharibika. Nilidanganya tena, na udongo ulikuwa haujakauka.

Lakini lililonivunja lilikuja baadaye. Ilikuwa mwezi wa pili tangu tumzike, Mama anachambua mchicha, mara akaacha. Akaniuliza, "Sidi, lile kovu lilikuwa shavu hili au hili?" Anajigusa kulia, anajigusa kushoto. Akasema kila akifumba macho anamwona yule wa kwenye fremu, yule laini, na yule wake amekuwa akififia. Akalia kama mtoto. Alikuwa anafiwa mara ya pili, na muuaji ni mimi.

Nikatoka nikaenda jikoni, pale pale kwenye mafiga, nikapiga magoti kwenye jivu. Nilikuwa nimeomba miaka yote ile, ndugu zangu, nimeomba kwa sauti, nimefunga, lakini lile neno nilikuwa sijawahi kulitoa kinywani. Siku ile nikalitoa. Nikasema, "Bwana, niliivuta mimi." Nikarudia mpaka sauti ikakatika. Sikuona nuru, sikusikia sauti. Nilisikia tu kifua kinaingiza hewa mpaka chini, kitu ambacho nilikuwa nimesahau kinavyokuwa.

Kesho yake asubuhi nikaenda Malindi kwa Mwalimu Swaleh. Ndiyo, yule yule, Mwislamu, na msiniangalie hivyo, Bwana hakuniuliza anitume kwa nani. Nikamweleza yote, hata ya sufuria. Hakunikemea. Alisema pole, akaenda kabatini akatoa bati la memori kadi za darasa letu. Akanieleza kwamba picha ukiifuta, kadi haiitupi papo hapo. Inakaa mle mpaka picha nyingine ziandikwe juu yake. Sasa kadi ile walikuwa wameitumia wanafunzi wengine karibu mwaka mzima. Akaitia kwenye kompyuta, akafungua programu ya kutafuta vilivyofutwa, akasema, "Tumwombe Mungu, mwanangu, kila mmoja kwa anavyojua."

Tulikaa mpaka adhuhuri. Zikatoka picha za samaki sokoni, za maharusi wasiojulikana, za mbuzi, nyingine vipande vipande. Mwalimu akaenda kuswali, akarudi. Ikatoka nusu ya paa letu la makuti. Nikasimama. Ikatelemka pole pole, nywele za Kanze, paji la uso, macho. Kisha shavu. Kovu lake lote, ndugu zangu, kushoto, mpaka kwenye taya, na anacheka!

Nililia mbele ya yule mzee bila haya. Ikatelemka mpaka kwenye uso wa Mama, mpaka kifuani pake, na hapo ikakatika. Chini yote ni kijivu tupu. Mahali nilipokuwa nimechuchumaa mimi, picha ya mtu mwingine iliandikwa juu yake, na Mwalimu akasema hapo hapatarudi tena.

Nikampelekea Mama. Sikumpa kwanza. Nilikaa chini mkekani nikamwambia ile sufuria niliivuta mimi, na Kanze hakuwa mtundu, hakuwa mtundu hata siku moja. Mama akaniuliza jambo moja tu.

"Yeye alijua?"

Nikamwambia sijui, Mama. Sikumuuliza, na sasa siwezi.

Akasema, "Basi siku tutakapomwona, utamuuliza mbele yangu." Akanyoosha mkono akaitaka picha.

Ndugu zangu, huo ndio ukombozi wangu. Sikurudishiwa mdogo wangu. Wako wanaosimama hapa wakasema Bwana aliwarudishia vyote, na mimi nashangilia nao, lakini mimi hakunirudishia vyote. Alinitoa kwenye uongo, basi, na nilitoka nimechelewa. Namshukuru hata hivyo. Namshukuru kwa kuwa Mama haniulizi tena ni shavu lipi. Kila asubuhi anapita ukutani analigusa, kushoto, ndipo anakwenda kunawa.

Wageni huniambia niukate ule ukijivu wa chini, au niujaze, maana wanajua naweza. Naweza. Dakika tano tu. Lakini ile ni ya asili, na mimi siigusi.

Kama una ndugu yako uliyemtendea jambo, na unangoja akupigie yeye, toka sasa hivi, ibada haitakasirika. Mtegemee Bwana kwa lile neno moja ulilolificha, maana mengine yote anayajua na umeshamwimbia. Mimi baada ya ibada nitakuwa pale mlangoni na kamera yangu. Njooni na makovu yenu, nitawapiga mlivyo, ili siku moja mtu anayewapenda awatafute ukutani na awaone.