Mtaa Mzima Unachemsha Maji

Benchi la Mulwa limeegemea ukuta pale Shauri Moyo, upande wa kuelekea soko la Gikomba. Aliliunda mwenyewe kwa mbao za kitanda cha harusi ambacho bwana harusi hakurudi kukichukua. Ikifika saa kumi, Kivuva, muuza kahawa, huweka birika juu ya jiko, na wenyewe hukaa kwa mpangilio usiobadilika. Kwanza Mulwa, seremala, anayeitwa Jaji kwa sababu hukata kesi kabla haijasikizwa. Kisha Chege, muuza mitumba, anayeitwa Kamera kwa kuwa kila nguo yake, hata yenye tundu la kupitisha ngumi, huapa ni kamera, daraja la kwanza. Mwisho ni mzee Oketch, Baba Seth kwa majirani, aliyesoma mita za maji nyumba kwa nyumba miaka thelathini. Akastaafu, lakini jina lake la Kanjo, yaani halmashauri ya jiji, likakataa kustaafu. Jumatatu hiyo kikombe cha Oketch kilipoa mkononi bila kuguswa, na hilo halijapata kuonekana kijiweni hapo.

Kesi ya siku ilikuwa ya Amondi, binti wa jirani yake Oketch.

— Kitabu chake cha masta kimerudishwa, alisema Chege. Mamake ndiye ameniambia. Miaka mbili anasomea afya ya jamii, msee, anazunguka huku na mafomu, halafu supavaiza anasema hiyo kazi haiendi. Na mwisho wa kupeleka ni Ijumaa. Ijumaa ikipita, hakuna kofia, hakuna joho.

— Hiyo ni wivu, Mulwa akakata kesi. Pengine huyo supavaiza alimaliza chake na miaka kumi. Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

— Sasa hapo mgema ni nani?

— Wewe Kamera, utafiti ni wa nini? Si ni wa maji na taifodi? Basi. Methali imeingia.

— Haijaingia. Imepita tu hapo nje. Mimi nakwambia ni kompyuta. Siku hizi huko chuo kuna kompyuta ya kunusa. Unaweka kitabu, inanusa, inasema: hii maneno ni safi sana, haijatoka huku kwetu Eastlands.

Oketch alikohoa, akaitazama kahawa yake.

— Kompyuta gani! alisema Mulwa. Kitabu kilikuwa chembamba. Hao maprofesa wanapima kwa mizani kama nyama. Angeongeza picha za mifereji, kingetosha kilo.

— Jaji, fikiria mbali. Kuna watu huko ng'ambo wanauza dawa ya taifodi. Wakisoma kwa kitabu ya Amondi ati mtaa mzima unachemsha maji, si biashara yao imekufa? Wamepiga simu. Supavaiza ameambiwa, ficha hiyo kitu.

Kivuva aliinua kichwa kutoka kwenye jiko.

— Kwani mtaa mzima unachemsha maji?

— Wewe chemsha kahawa, akajibiwa na wote wawili kwa pamoja.

— Hata hivyo tulifanya vizuri kusema hakuna mgonjwa, Mulwa akaendelea. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ndiyo maana mambo ya nyumba hayasemwi.

Oketch alifumba macho. Methali ile ilikuwa imemwangukia yeye, na Mulwa hana habari.

Hakuna aliyejua kesi ile kumshinda. Mwezi wa tatu, kabla Amondi hajaanza kuzunguka, alimwonyesha Oketch fomu moja, maana mzee ndiye aliyejua milango yote. Swali la saba liliuliza: Je, maji ya kunywa huyachemsha? Oketch aliposoma maswali yenye namba na visanduku vya kutia alama, aliona mtihani. Na mtoto wa mtaa akiwa na mtihani haachwi peke yake. Hata redio hupunguzwa. Basi siku moja kabla ya Amondi, alivaa koti lake la kazi la zamani, akapita njia ileile ya mita, mlango kwa mlango, akiagiza: Kesho Amondi anakuja. Akiuliza maji, sema unachemsha. Akiuliza ugonjwa, sema hakuna. Tusimwangushe mtoto. Mulwa na Chege walichukua safu ya pili, kwa bidii kama ya siku ya uchaguzi.

Nyumba mia moja na sitini ziliulizwa. Mia moja hamsini na saba zilichemsha. Zile tatu ni ambazo Oketch alizikuta zimefungwa.

Lakini hilo silo lililompoozea kahawa. Mwezi wa pili, mjukuu wake Jacklyne alilazwa siku sita kwa taifodi. Amondi alipokuja na kalamu, Oketch alimtazama usoni akasema, hapa hakuna aliyeugua.

— Hamjambo wazee? Chege, sasa?

Amondi alikuwa amesimama mbele yao, fomu kifuani, macho mekundu ya mtu ambaye hajalala. Wakampisha nafasi. Hakukaa.

— Nina swali moja tu, alisema. Maji mliyokunywa nyumbani leo asubuhi, yalichemshwa?

Chege alianza kufunga kamba ya kiatu kilichokuwa kimefungwa. Mulwa alikagua msumari wa benchi. Kivuva naye alilipuliza jiko lililokuwa linawaka vizuri kabisa.

— Hapana, alisema Oketch.

Wote wakamgeukia.

— Hayakuchemshwa, Amondi. Hata ya jana. Na Jacklyne alilazwa mwezi wa pili, siku sita. Halafu ni mimi nilipita mbele yako nikiwaambia watu vile watasema. Hawa wawili walinisaidia tu. Tulitaka upite.

Amondi alishusha fomu kutoka kifuani. Oketch aliona haya kuliko siku zote za maisha yake.

— Miezi mitatu, Baba Seth. Miezi mitatu nimekuwa nikijumlisha uongo. Supavaiza ameniuliza, kama wote wanachemsha, hao wanaojaa kliniki na taifodi wanatoka wapi? Nililia mbele yake.

— Nisamehe, mama. Nilidhani ni mtihani wako.

— Maswali hayakuwa yangu. Yalikuwa yenu.

Alipangusa macho kwa mkono wa sweta, akatoa fomu mpya.

— Ameniruhusu nirudie nyumba ishirini. Majibu yakibadilika, nieleze ni kwa nini. Na sasa ninajua kwa nini. Nitawaandika nyote, bila majina.

— Tutakuwa kwa kitabu? Chege alichangamka. Sura gani?

— Ya tano. Mapungufu ya utafiti.

Mulwa alifungua mdomo atoe methali, akakosa.

— Basi nianze na wewe, Baba Seth. Swali la saba?

— Hapana.

— Kuna aliyeugua?

— Ndiyo.

Akatia alama mbili. Oketch aliweka kikombe chini, akasimama.

— Ngoja nichukue koti. Nitatangulia, niwaambie safari hii waseme ukweli.

— Baba Seth, tafadhali. Usiwaambie kitu chochote. Kaa hapo.

Akakaa. Alinyoosha kikombe aongezewe. Kivuva akainamisha birika, likatoa matone mawili tu ya mashapo.

Amondi alivuka barabara, akabisha hodi nyumba ya kwanza, ileile ambayo kwa miaka thelathini Oketch alianzia kazi yake. Mama Nzisa alifungua, akaisikiliza salamu, akalisikiliza swali. Kisha, kabla ya kujibu, akachungulia juu ya bega la Amondi hadi kwenye benchi, akimtafuta Kanjo ampe ishara.

Oketch akageuka, akautazama ukuta.