Gari la Viti Viwili

Asubuhi hiyo kijiwe cha Maurine, hapa Busia upande wa Uganda, kilijaa kuliko siku ya mnada. Sababu ilikuwa imeegeshwa mbele ya birika la kahawa: gari jekundu la kifahari, la mbio, lisilo na paa, fupi hata kuku akisimama kando yake anaona usukani. Egesa alilipata jana kwa jamaa mmoja wa Kampala, wakabadilishana na pikapu yake kuukuu, na yule jamaa akaondoka mbio bila hata kuaga vizuri. Egesa hakujiuliza kwa nini. Alikuwa amechoka. Pikapu ile ilinunuliwa ibebe samaki kutoka Majanji, kule ziwani, ikaishia kubeba kijiji kizima: maharusi, majeneza, wagonjwa, na yote bure, eti "wewe ni mtoto wetu". Nyumbani hakuwa amemwambia mtu, alitaka kuwashangaza.

— Hii gari tumbo yake iko chini sana, alianza Obbo, aitwaye Injinia tangu siku alipobadilisha balbu ya lori. Kila tuta ya kwenda Tororo, lazima watu nne washuke wainue.

— Watashuka kutoka wapi, Injinia? aliuliza Egesa. Viti ni viwili.

— Si wewe nakodi boda mbili, nakuja nyuma na wainuaji!

Umar wa upande wa Kenya, dereva wa malori, huitwa Waziri kwa sababu hutoa majibu kabla ya kuulizwa.

— Buda, matuta si noma. Noma ni salamu. Hii ndai yako ni gari bila dirisha la kufunga. Kila mtu anakuona, anakusalimia, na huwezi kujifanya hujasikia. Ukifika Tororo ni jioni, na ushajua habari za watoto wa kila mtu.

— Nitavaa miwani nyeusi.

— Miwani inaziba masikio?

Benchi zima likacheka. Egesa naye akacheka, lakini kidogo.

— Na vumbi? Injinia hakuwa amemaliza. Kule Osukuru kuna kiwanda ya mbolea, upepo nabeba, naingia kwa kiti. Mvua nanyesha mara moja tu, mahindi naota.

— Hapo sasa si gari, ni shamba, alisema Waziri. Watu wa ardhi watakuja kupima. Ndugu zako watadai urithi wa kiti cha abiria.

— Palizi nitafanya mimi, akasema Maurine akimimina kahawa. Ila nalima na kiatu nje, nisichafue.

Egesa aliweka kikombe chini. Uvumilivu ulikuwa umemwisha.

— Semeni mpaka mchoke. Tangu jana, nani ameniomba lifti? Hakuna! Hii ndio raha yake. Mimi na begi yangu tu.

Egesa akajiona ameshinda, na ushindi ukamkolea mdomoni pamoja na kahawa.

Boda ikafunga breki. Akashuka dada yake, Taaka, leso imefungwa ovyo, jasho linamtoka. Gari jekundu hata hakulitazama.

— Kaka, mguu ya mama imevimba tena. Kukaa hawezi, ni kulala tu. Daktari ya Tororo nasema tulete leo. Godoro tumetoa nje tayari. Pikapu iko wapi?

Injinia alichungulia ndani ya kikombe chake. Waziri, kwa mara ya kwanza tangu kijiwe kianzishwe, alimwachia mwingine ajibu. Ni Maurine aliyeonyesha gari kwa kidevu.

— Alibadilisha na hii.

Taaka akalizunguka polepole. Akatazama viti viwili, akatazama nyuma ya viti, mahali ambapo mkoba wa mwanamke ungeingia kwa kubanwa.

— Sawa, Kaka. Sasa godoro tunaweka wapi?

Egesa aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Harakaharaka akatafuta kichwani mtu wa kijijini mwenye pikapu, mtu wa kuombwa bure, anayeitwa mtoto wetu. Jina lililomjia lilikuwa lake peke yake.