Pampu ya Msaada

Basi la Pugu lilipoiacha lami, Zubeida alikuwa ameshakata tamaa ya kusinzia. Mbele yake mwalimu Gaudens, kaptura nyeupe kama ya mzungu, alikuwa akimweleza mzee Matar mwenye duka jinsi serikali ya Mwingereza ilivyowapa watu wa Gongo la Mboto pampu mpya ya maji. "Msaada mtupu, mzee wangu. Hatukuombwa kitu."

"Hamkuambiwa mfukie kisima cha zamani?"

"Kile kichafu."

Mzee aligeuka mwili mzima. "Kile kachimba baba yangu, akakitoa wakfu. Tangu siku ile hakuwa na amri nacho. Hasimu wake aliyemshtaki kwa kadhi alikuja kuchota palepale, na baba akampisha. Huko ndiko kutoa! Huyu Mwingereza wenu katoa maji, kabaki na kufuli."

"Kufuli ni la kuzuia fujo," alisema mwalimu, ingawa fujo pale kisimani Zubeida hakuiona tangu aolewe, labda ile ya wake wenza.

Basi likasimama. Kisima kilikuwa kimeshajaa kifusi, na kando yake pampu iling'aa, mnyororo shingoni. Mzee Matar akashuka, akakinga viganja chini ya bomba. "Haya, mwalimu. Nina kiu."

Mwalimu akatoa ufunguo mfukoni, akautazama, akaurudisha.

"Vumilia kidogo, mzee wangu. Bwana DC hajafika."