Sayari, Fundi wa Sinema za Wageni wa Angani

Mzee wetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Sayari tu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa pili wa seremala na mshona nguo.

Alisoma shule ya msingi jirani na kiwanda hicho, kisha miaka miwili ya ufundi umeme. Aliwahi kufungua redio ya mwalimu wake na kuirudisha huku skrubu moja imebaki mkononi. Redio iliimba vilevile.

Juni 1969 aliajiriwa kuendesha mashine katika jumba la sinema karibu na soko. Enzi hizo watu walipenda sana sinema za viumbe wa sayari nyingine wanaoshuka duniani na kuchoma miji. Alizionyesha hadi akazijua kwa moyo, ndipo jina likamganda. Alizoea kutania kwamba sinema hizo zimeipindua methali: mgeni njoo, mwenyeji akimbie.

Jumamosi alasiri, tarehe 17 Agosti 1974, viumbe wakiwa katikati ya kuteketeza mji, mkanda ulikwama ukashika moto. Moshi ukaingia ukumbini. Watu zaidi ya mia tatu, wengi wao watoto, wakasimama. Wapo walioamini kabisa kwamba wageni wamefika. Mlango ulikuwa mmoja. Aliuzima moto kwa koti lake, akashuka na tochi, akasimama mbele yao.

"Kaeni, jamani. Hao viumbe wako kwenye mkanda, na mkanda nimeshauzima. Mwisho wake naujua. Nitawasimulia, nanyi mtatoka safu moja moja. Safu ya nyuma, anzeni."

Hakuumia mtu. Baadaye alikiri kwamba nusu ya ule mwisho aliibuni, maana hofu ilikuwa imemfutia kila kitu kichwani.

Muuguzi mmoja wa safu ya mbele hakutoka. "Kaka, hadithi imeisha," alimwambia. "Sasa leta huo mkono." Kiganja kilikuwa kimebabuka. Alimfunga bandeji kwa wiki tatu. Kidonda kikapona, mgonjwa akaendelea kuja zahanati. Walifunga ndoa tarehe 10 Aprili 1976, wakajaliwa watoto watatu.

Jumba lilipofungwa mwaka 1993 alitengeneza redio nyumbani. Mwaka 2011 presha ya macho ilimnyima nuru kabisa, na kwa miezi mingi hakutaka kuongea na mtu. Siku moja mjukuu wake aliweka sinema ya zamani sebuleni.

"Babu, wanashuka."

"Bado. Huo ni upepo. Wakishuka utasikia mlango wa chombo ukilia."

Mlango ukalia. Tangu hapo, kila Jumapili sebule ilijaa watoto.

Mwaka 2018 figo zilianza kumsumbua. Alifariki hospitalini Jumanne, tarehe 5 Machi 2019, saa tatu asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba na dada yake mkubwa. Ameacha pia jirani wa mlango wa pili, ambaye alipohamia mtaani watu walimkwepa kwa sababu ya lafudhi yake. Mzee aliutafuta mlango wake kwa fimbo, akabisha hodi, akamwambia, "Karibu, mwanangu. Umefika kwa watu." Leo jirani huyo amebeba jeneza pamoja na watoto wa Mzee.

Mungu ampokee kama yeye alivyopokea watu, na ampe pumziko la amani.