Sekunde Kumi na Moja za Mama Saa

Ijumaa hii, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mtunza mafaili wetu, Mama Saa, anastaafu. Ofisi imemwandalia cheti, na kwa bahati njema jina lake limeandikwa bila kosa katika chapa ya tatu.

Alianza akiwa karani wa kabati za chuma, enzi ambazo ramani zilikuwa karatasi. Kabati zilipoondolewa akakabidhiwa ghala, yaani ile mashine nyeusi ya kona inayohifadhi michoro yetu yote ya barabara na mabomba. Wengi tulidhani atababaika. Yeye akasoma kijitabu cha maelekezo mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo hakuna mwingine hapa aliyewahi kulifanya wala kulitamani.

Jina la Mama Saa lilitokana na mazoea yake. Kila asubuhi, kabla hata ya kuvua koti, alinakili faili lilelile kutoka ghalani, picha ya wafanyakazi ambamo meneja amefumba macho, huku akitazama saa yake ya mkononi. Sekunde kumi na moja. Akaandika daftarini. Tulimcheka mpaka tukachoka.

Miaka minne iliyopita alichukua likizo ya siku tatu kumuuguza dada yake. Juu ya ghala aliacha karatasi iliyotuomba tusibonyeze kitu. Jumatano, kitufe cha sasisho kikabonyezwa, na programu ya ndani ya mashine ikabadilika. Kuanzia hapo mchoro uliofunguka kwa dakika moja ukataka arobaini. Meneja alishauri tuwahi kazini ili mafaili nayo yawahi. Zikanunuliwa nyaya mpya za bluu, zikapendeza kwelikweli. Ikaundwa kamati ya watu saba, na ripoti yake ikachelewa siku nzima kwa kuwa ilihifadhiwa ghalani.

Ripoti ilisema chanzo ni uzembe wa mtunza mafaili. Mama Saa alirudi, akapokea barua ya onyo, akaitia mkobani, kisha akapima picha yake. Dakika saba. Kufikia saa sita mchana alikuwa amesoma kumbukumbu za ghala na kugundua kwamba sasisho liliwasha ufungaji wa siri, yaani kugeuza kila faili linalosafiri kuwa fumbo lisilosomeka na mtu wa nje, mzigo ambao mashine yetu kongwe haikuuweza. Akauzima, na kasi ikarudi. Kamati ikajipongeza kwa maandishi. Nakala ya barua ya onyo ilibaki jaladani mwake, na cheo cha mkuu wa kitengo, kilichokuwa haki yake, akapewa mwandishi wa makala haya.

Wiki iliyopita alinikabidhi daftari, maana lazima mtu aendelee kupima. Niliufungua ukurasa wa siku aliyorudi. Kwa mwandiko wake ulionyooka ameandika: sasisho, Jumatano, saa tatu na dakika tano, kompyuta namba nne. Chini yake: atasema mwenyewe.

Kompyuta namba nne ni yangu. Nilibonyeza mimi, kwa sababu kile kialama chekundu cha sasisho kwenye skrini yangu kilinikera, kisha nikaketi kwenye ile kamati na kutia sahihi. Nimeona aibu miaka minne. Nakala ya makala haya iko mezani kwa meneja, pamoja na ombi langu kwamba barua ile iondolewe kabla ya Ijumaa.

Nisamehe, Mama Saa, na ahsante. Sote tunakuombea siku njema zisizo na haraka, na asubuhi ambazo utavua koti kwanza. Leo picha imechukua sekunde kumi na moja. Nimeandika.