Nusu ya Pili ya Mwalimu Eufrasia

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Uwe Ujiji unaanika nguo, uwe Kasingirima unachambua mchele, sogea karibu na redio. Leo tunamkumbuka Mwalimu Eufrasia wa Buzebazeba, aliyezikwa mwezi uliopita. Alifundisha kemia miaka mingi, akastaafu, na tangu astaafu hakupumzika. Niseme mapema kwamba habari zake zinaudhi. Zilimuudhi yeye kwanza, na alikuwa na haki.

Zinaanzia kwenye ua moja, nanyi mnalifahamu. Ni kile kichaka cha maua ya njano yenye umbo la kengele, ambacho watu hupanda langoni ili nyumba ipendeze. Mwalimu Eufrasia alikipanda kwa sababu hiyohiyo. Alikipogoa kwa mkono wake, na nyuki wakija alikaa kibarazani kuwatazama. Kilikuwa pambo, wasikilizaji. Pambo tu.

Siku moja kwenye sala ya jumuiya, jirani yake Verediana akamuuliza kama ni kweli ua lile lina dawa. Sasa mwalimu ni mwalimu, ukimuuliza atakujibu kwa kirefu. Akasema majani yake yana kemikali ambazo watafiti wamezijaribu kwa panya wa maabara, na sukari ya panya ikashuka. Hiyo ilikuwa nusu ya kwanza. Nusu ya pili ilikuwa hii: panya si mtu, na kipimo cha mtu hakijulikani. Jani changa na jani lililokomaa hayalingani nguvu. La kiangazi na la wakati wa mvua hayalingani. Konzi ya leo si konzi ya kesho. Kwa hiyo mwenye kisukari asiache vidonge vyake.

Nusu ya kwanza ilifika Ujiji kabla ya jioni. Nusu ya pili haikuvuka hata barabara.

Asubuhi iliyofuata akawakuta watu langoni wanachuma. Na mnajua tulivyo huku kwetu. Wengi bado tunashika kwamba anayekwenda kuchuma dawa hasemi na mtu mpaka aifikishe nyumbani, akisema nguvu yake inapotea njiani. Mwalimu akawasalimia, "Mwakeye." Kimya. Akauliza nani mgonjwa. Kimya. Akaanza kuwaeleza habari ya kipimo, nao wakamtazama kwa heshima zote, midomo imefungwa, mikono inachuma. Wakaondoka bila asante, maana dawa haishukuriwi. Alikuwa anampigia mbuzi gitaa, na mbuzi mwenyewe anamlia bustani.

Hali ikawa hiyo kila kukicha. Binti yake, Scola, anakumbuka mama yake akirudi ndani kwa hasira. "Alikuwa anasema, darasani mtoto akikosea anauliza," Scola ameniambia. "Hawa hawaulizi wala hawajibu. Nitawasahihisha vipi?"

Msidhani alilidharau ua. Alitamani majani ya hapa Kigoma yapimwe na wenye vifaa, ijulikane yana nini na mtu atumie kiasi gani. Aliwasumbua watu wengi kwa hilo. Kila mmoja alimwambia ni wazo zuri, na hakuna aliyekuja.

Lakini lililomuuma zaidi lilikuwa la damu yake. Mdogo wake, Martini, ana kisukari. Martini anauza dagaa kule mwaloni Kibirizi, mitumbwi inakoshushia samaki, na nusu ya kwanza ilimfikia kama ilivyowafikia wengine. Akaanza kunywa maji ya majani yale juu ya vidonge vyake. Mchana mmoja akaanguka kwenye vichanja vya dagaa, jasho linamtiririka, maneno yake hayaeleweki. Sukari ilikuwa imeshuka mno. Wakamnywesha maji ya sukari, wakamkimbiza hospitali, akapona.

Sasa sikilizeni akili zetu wanadamu. Pale mwaloni hakuna aliyesema majani yamemdhuru. Walisema dawa ni kali kiasi kwamba vidonge havihitajiki tena. Na Martini akaacha vidonge. Narudia, wasikilizaji: mtu aliponea chupuchupu, kisha akaacha vidonge.

Mwalimu alipopata habari alichukua panga. Akakikata kichaka chake chote mpaka kwenye shina, matawi akayarundika nje ya lango yakauke ayachome. Majirani wakasema ana choyo. Verediana akamnunia. Mwalimu akajibu kwamba afadhali aitwe mchoyo kuliko kwenda kuzika mtu.

Tatizo ni kwamba alikata mvua zinaanza, na ua lile huota hata kwa tawi lililochomekwa tu ardhini. Kesho yake rundo halikuwepo. Watu walikuwa wamejigawia. Mvua zilipokwisha, Buzebazeba nzima ilikuwa na vichaka, na vingine vikavuka mpaka Kasingirima. Yeye aliyetaka kuling'oa ndiye aliyelisambaza. Scola anasema siku mama yake alipoyaona maua kwenye uwanja wa nyumba ya tatu alicheka kicheko kibaya, kisha akakaa chini akalia.

Akaamua kupita nyumba kwa nyumba kusema ile nusu ya pili. Alipofika kwa Martini, ua lilikuwa nyuma ya jiko, limechanua vizuri. Martini alikuwa amekaa, mguu umefungwa kitambaa. Waya wa kichanja ulikuwa umemchoma, na kidonda hakiponi. Mwalimu akamuuliza anatumia dawa gani. Martini akaonyesha jagi la maji ya majani.

"Dada," alisema, "si wewe uliyesema?"

"Nilisema mawili, Martini. Umechukua lililokufurahisha."

Walikuwa wamechelewa. Mguu wa Martini ulikatwa chini ya goti. Tangu siku hiyo anameza vidonge, na dada yake alikuwa anakwenda kumsimamia, hata kukiwa na mvua. Wengine hawakubadilika. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Letu lilisikia dawa, likakataa kusikia kingine chochote.

Mwalimu Eufrasia alifariki kwa kiharusi, Jumapili, baada ya misa. Alidondoka mlangoni mwa kanisa akiwa anamweleza mama mmoja jambo hilohilo.

Kwenye matanga, Verediana alikuja na jagi. Walikuwa wameshapatana, na ninaamini alikuja kwa moyo safi. Akamjazia Martini kikombe. "Kunywa, kaka," akamwambia. "Hii ndiyo dawa ya Mwalimu. Tumeipa jina lake tumuenzi."

Martini akaegemea magongo yake, akakimwaga kikombe chini, mbele ya wazee. Msibani, kumwaga ulichokaribishwa ni tusi, na wazee wakamkemea. Aliwaacha wamalize, ndipo akasema:

"Dada yangu hakutoa dawa. Alituomba tumeze vidonge, tukamnyima hilo mpaka amekufa. Msimzike mara mbili."

Verediana alirudisha jagi jikoni.

Ningependa kuwaambia, wasikilizaji wapendwa, kwamba baada ya maneno yale watu walielewa. Siwezi. Wiki hii nimepita Buzebazeba asubuhi, nikamkuta mama mmoja anachuma. Nikamsalimia. Hakuitikia.

Kwa Scola, kwa Martini, kwa ukoo wote na kwa wanafunzi wake walioenea kandokando ya ziwa hili: poleni sana. Mungu ailaze roho yake mahali pema. Poleni pia kwa uchovu wake, maana aliondoka amechoka, na sisi ndio tuliomchosha.

Wewe unayenisikiliza, huenda una jagi la majani hayo mezani sasa hivi. Siwezi kuja kulimwaga. Lakini mwambie daktari wako kwamba unakunywa, usimfiche. Na tafadhali, usiyaite dawa ya Mwalimu. Alichokuacha nacho Mwalimu ni swali moja, lile alilomuuliza Martini kila alipoingia kwake, kabla hata hajaketi.

Vidonge vyako, umemeza leo?