Ukurasa wa Thelathini na Tano

Benchi lipo mbele ya duka la Sadalla, karibu na stesheni ya Mpanda, na kahawa ya hapo nauza mimi. Mwaka ule wa tisini na tano sote tulijua Mwalimu Melkiadi anahamia Tabora. Miaka minne alituchosha na wimbo mmoja: Mpanda ni mwisho wa reli na mwisho wa dunia. Barua ya uhamisho ikatoka yeye akiwa kisiwani, ziwani huko mbele ya Kapalamsenga, alikopelekwa kusimamia mtihani wa darasa la saba. Karudi, kapewa barua, kaitia mfukoni, kaagiza kahawa, kanyamaza. Mimi mtu akininyamazia mbele ya kahawa yangu hunikera sana.

— Kalogwa, akasema Yotham, tunayemwita Redio kwa kuwa hazimwi. Watu wa ziwani hao! Wanakupa samaki, ukishamla unaota maji tu.

— Acha fiksi, akasema Sadalla. Huyu kaoa. Mtu wa siku nne kisiwani harudi na macho yale.

— Basi kaoa jini! Ana nyumba chini ya maji, ya bati, na umeme.

— Nyie, akasema Melkiadi. Ile shule ina kitabu kimoja.

Redio akaweka kikombe chini, Melkiadi akaeleza.

— Cha jiografia. Mwalimu wao ni mmoja tu, mzee Damiano. Kastaafu tangu mwaka juzi, hakuletwa wa kumpokea, akaendelea kufundisha. Kile kitabu kakichana. Kila mtoto ana ukurasa wake, analala nao kwao, asubuhi anawasomea wenzake. Akimaliza la saba anamwachia mdogo.

— Ni dagaa hizo! Redio akaruka. Zinaleta akili. Mpanda nzima tukila dagaa, mwaka elfu mbili tunaunda treni wenyewe.

— Treni? Ndege, bwana, akasema Sadalla. Na uwanja tunauweka Mwamkulu.

Melkiadi hakucheka.

— Kuna binti anaitwa Lucia. Ukurasa wake ni wa reli, unakatikia pale treni inapotoka Kaliua kuja huku. Unaofuata, wa thelathini na tano, alikuwa nao mtoto wa mvuvi, familia ikahamia Zaire, wakaondoka nao. Binti akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Mpanda. Akashika mdomo. “Kumbe mwalimu umetoka kwenye ukurasa uliopotea! Tusomee.”

— Ukasoma nini sasa? nikamuuliza.

— Nikawasomea nyie. Benchi hili. Kahawa yako inavyonuka moshi. Treni ikichelewa siku mbili, Redio anavyoapa kaisikia imevuka mto Ugalla. Walicheka wale watoto! Wakasema rudia. Miaka minne naitukana Mpanda, jamani, kumbe kuna watu wanaitamani. Na mimi sasa nawawaza wao. Usingizi siupati.

— Na Tabora? akauliza Sadalla.

— Wanataka jibu Ijumaa. Nikikataa, sipewi tena.

— Huwezi kuacha Tabora kwa ajili ya kisiwa, akasema Redio. Hamisha kisiwa! Kikokotwe mpaka ufukweni Karema, watoto wapande lori.

Dukani alikuwepo mama mmoja, Nyanzala, Msukuma aliyehamia Mwamkulu na mumewe na ng'ombe wao. Alifuata chumvi. Hakuwahi kusema neno na benchi letu.

— Samahani, mwalimu. Huyo mzee akifa, nani atajua ukurasa upi uko kwa nani?

Sadalla akaendelea kupima chumvi ambayo alishaipima. Melkiadi akaanza kuhesabu kwa vidole.

— Wa kumi na mbili ni wa Agape. Wa ishirini ni wa Malale. Wa thelathini na nne ni wa Lucia.

Kidole cha nne akakikunja, akakinyoosha, akakikunja tena. Nikammiminia kahawa nyingine, hakuigusa.

— Wengine sikuwauliza, akasema, na machozi yakamtoka pale pale, mtu mzima.